Deni la Salamu

Husemwa kwamba asiyekuwapo machoni, na moyoni hayupo. Sina ugomvi na methali hiyo, ila haikumgusa mkosaji mmoja: yule ambaye rafiki yake yumo moyoni mwake daima, naye hampelekei hata salamu. Mtu huyo hudhani kuwa mapenzi aliyoyafungia kifuani yatosha. Simsemi mwingine, ni mimi.

Nimekuwa mtumishi wa serikali kwa miaka mingi. Barua rasmi ikifika ofisini hupigwa muhuri, hutiwa jaladani, na isipojibiwa masijala huiulizia. Barua ya rafiki niliyelala naye bweni moja shuleni haikuwa na jalada wala wa kuiulizia. Niliitia katika mtoto wa meza niijibu jioni. Jioni ikawa juma, juma likawa mwaka. Kazi ilikuwapo, hapana shaka, lakini ilinizuia siku chache za mwanzo tu. Baada ya hapo kilichonizuia ni soni. Kila siku iliyopita ilidai maelezo marefu zaidi, nami kila nilipoyatafuta maelezo hayo niliahirisha tena.

Shaaban Robert naye alikuwa mtumishi wa serikali. Aliingia idara ya forodha mwaka 1926, akahamishwa kituo hadi kituo, na vitabu akavitunga. Pamoja na hayo alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, barua za tangu mwaka 1931 hadi 1958, ambazo zilichapishwa mwaka 2002. Labda msomaji atasema kuwa huyo alikuwa ndugu, si rafiki. Kweli, lakini hoja hiyo yazidi kunielemea. Undugu una arusi na matanga ya kuukumbusha. Urafiki wa mbali hauna mlinzi ila salamu.

Wakati wa kadi za salamu za Redio Tanzania, sisi tuliojiona wasomi tuliwacheka waliozituma. Majina yalisomwa mfululizo, habari hakuna. Leo naona kwamba habari ilikuwamo: aliyesikia jina lake alijua kuwa anakumbukwa. Simu ya mkononi imekuja ikaondoa udhuru wa umbali. Ule wa soni imeuacha palepale.

Siku moja, ndani ya basi la Dodoma, abiria mtu wa Ujiji alinipa habari kwamba mama wa rafiki yangu alikwisha fariki, mwaka ulikuwa umepita. Mama yule alinipikia migebuka likizo nzima, akaniita mwanangu. Sikuwapo mazikoni, wala rambirambi yangu haikufika. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kunyamaza kwangu hakukuwa uzembe mdogo wa mtu mwenye shughuli; nilikuwa nimemwacha mwenzangu alie peke yake.

Nilitafuta namba yake kwa yule abiria. Usiku ule niliandaa maneno ya kujitetea, kisha nikayaacha yote, kwa kuwa yalinihusu mimi na msiba ulikuwa wake. Nilipompigia nilisema, "Pole kwa kufiwa na mama." Alinyamaza kitambo. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Aliniuliza kama huku niliko migebuka hupatikana, au anipe msafiri aniletee.