Daftari la Njia ya Msalaba

Juma lililopita tulipokea barua ya katekista mmoja wa kigango cha mbali. Ameiandika kwa mwandiko safi, na maneno yake ni ya mtu mwenye bidii ya kweli. Atuambia kwamba tangu Jumatano ya Majivu ameandika katika daftari majina ya Wakristu wote wa kigango chake, jumuiya kwa jumuiya, na kila Ijumaa huweka alama mbele ya jina la yule aliyefika kwenye Njia ya Msalaba. Ijumaa ya kwanza kanisa lilijaa. Ijumaa ya pili watu walipungua. Ya tatu walibaki akina mama, watoto wa mafundisho, na wazee wanne. Basi atuomba tuchape shauri lake, ili parokia nyingine zilifuate: majina ya wasiofika yasomwe Dominika baada ya matangazo, na atakayekosa mara tatu asihesabiwe kuwa Mkristu hai wa jumuiya yake mpaka atoe faini.

Barua hii hatukuicheka, wala hatukuitupa kapuni. Mtu anayetembea saa mbili kwa miguu kwenda kuongoza sala, akakuta mabenchi matupu, ana haki ya kuhuzunika. Walakini shauri lake hatuwezi kulikubali, na sababu zetu twampa hapa mbele ya wasomaji wote, maana twajua ya kuwa daftari lake si la pekee katika nchi hii.

Tuanze na sheria, kwa kuwa yeye mwenyewe ameitaja. Kanisa lamdai Mkristu ashiriki Misa siku za Dominika na sikukuu za amri. Lamdai aungame dhambi zake kubwa walau mara moja kwa mwaka, na apokee Komunyo wakati wa Pasaka. Aliyetimiza miaka 18, mpaka aanze mwaka wake wa 60, anapaswa kufunga siku mbili, yaani Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Ijumaa zote ni siku za kitubio. Njia ya Msalaba haimo katika amri hizo. Kanisa laisifu, laipendekeza sana wakati wa Kwaresima, lakini halimlazimishi mtu. Nani basi ametupa sisi, mapadre au makatekista, ruhusa ya kufunga mzigo ambao Kanisa lenyewe halikuufunga?

Tena kuna jambo lililo zito kuliko faini. Twasikia ya kwamba mahali pengine madaftari ya namna hii hufunguliwa siku ya msiba. Marehemu amelala ndani, wajane wanalia, na viongozi wamekaa chini ya mwembe wakihesabu alama: huyu alihudhuria mara ngapi, atazikwa na nani? Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1184, yataja wale wanaonyimwa maziko ya Kikristu. Ni watu wachache, wenye makosa makubwa na ya wazi, nao pia hawanyimwi ikiwa walionyesha dalili ya toba kabla ya kufa. Penye mashaka, Askofu ndiye anayeulizwa. Aliyekosa vituo kumi na vinne siku ya Ijumaa hayumo katika kanuni hiyo, wala hataingizwa humo kwa kura ya jumuiya.

Yafaa pia tukumbuke ibada hii ilitoka wapi. Tangu zamani Wakristu walitamani kwenda Yerusalemu, kukanyaga kwa miguu yao njia aliyopita Bwana wetu akiubeba Msalaba. Mapadre na mabruda wa Mtakatifu Fransisko, ambao tangu mwaka 1342 walikabidhiwa rasmi na Baba Mtakatifu ulinzi wa mahali patakatifu, waliwaongoza mahujaji hao. Lakini ni wangapi walioweza kwenda? Safari ilikuwa ya miezi mingi, bahari ilimeza merikebu, njiani walikuwako wanyang'anyi, na gharama yake haikuwa ya mkulima. Mgonjwa hakuweza, mama mwenye mtoto mgongoni hakuweza, maskini hakuweza. Ndipo Wafransisko walipoileta Yerusalemu mpaka vijijini kwao, kwa kusimamisha vituo ukutani na njiani. Mwaka 1731 Papa Klementi wa Kumi na Mbili aliruhusu vituo viwekwe katika makanisa yote, akathibitisha hesabu yake kuwa 14. Padre mmoja wa Italia, Mtakatifu Leonardo wa Port Maurice, alisimamisha vituo hivyo mahali zaidi ya 570 kabla ya kufa kwake mwaka 1751, na hata katika Kolosei ya Roma, katika mwaka wa Jubilei wa 1750.

Hivyo picha zile za mbao au za karatasi, ambazo katika vigango vyetu vingine zimeliwa na mchwa pembeni, ziliwekwa kwa ajili ya wasioweza kufika. Ibada hii ilianzishwa kwa kuwahurumia waliobaki nyuma. Leo twataka kuifanya iwe kipimo cha kuwahukumu waliobaki nyuma!

Hatusemi haya kana kwamba sisi tulikuwa na hekima tangu mwanzo. Katika mwaka wetu wa kwanza wa upadre tulipangwa katika parokia ya shamba, na Ijumaa moja ya Kwaresima tulipoona kanisa halikufika nusu, tulipandwa na hasira. Dominika iliyofuata tuliwakaripia watu kwa muda wa dakika ishirini. Tuliwaita Wakristu wa majivu, kwa maana ya kwamba huja kupakwa majivu kisha hupeperuka. Tulijiona tumesema vema. Waliosikia maneno yale, bila shaka, walikuwa ni wale waliofika.

Jioni alikuja barazani mama mmoja, umri wake kama miaka arobaini. Tulimfahamu kwa sura, maana kila Ijumaa aliketi benchi la mwisho karibu na mlango. Alipiga goti, akasema, "Tumsifu Yesu Kristu, Baba." Tukamjibu, tukamkaribisha kiti. Akasema, "Baba, nimekuja kuomba. Usiwaandike watu Ijumaa." Tukamwuliza, "Kwa nini, Mama?" Akatueleza ya kuwa mume wake wa ndoa alimwacha na watoto watatu, akaenda mjini, akaoa huko. Yeye baadaye alichukuliwa na mwanamume mwingine, na wamezaa. Kwa hiyo tangu miaka tisa hapokei Komunyo. "Dominika," alisema, "watu wote wa benchi langu husimama kwenda mbele, nami hukunja miguu ili wapite. Watoto wangu huniuliza, Mama, mbona wewe huendi? Lakini Ijumaa, Baba, hakuna anayekwenda mbele. Wote twapiga goti pamoja, wote twasimama pamoja. Ijumaa na mimi ni mtu wa kanisa. Kukiwa na daftari, wataniuliza jumuiya yangu, halafu wataniuliza ndoa yangu. Sitakuja tena."

Tulinyamaza. Vitabu vya seminari kuu tulikuwa tumevisoma, na mtihani wa sheria ya ndoa tulikuwa tumeushinda. Jibu la kumpa mama yule papo hapo hatukuwa nalo. (Alituruhusu kulisimulia jambo hili, mradi jina lake na la parokia yasitajwe.) Baadaye tulifungua tena waraka wa Papa Yohane Paulo wa Pili wa mwaka 1981, uitwao Familiaris Consortio, tukaona jinsi alivyowaagiza wachungaji juu ya waliotengana na kufunga ndoa nyingine: wasijione wametengwa na Kanisa, bali wahimizwe kusikiliza Neno la Mungu, kuhudhuria Misa, kudumu katika sala, kutenda mapendo, kuwalea watoto katika imani, na kuishi roho ya kitubio. Mama yule alikuwa anafanya hayo yote. Sisi tulikaribia kumfukuza kwa kalamu ya risasi.

Msomaji atatuuliza: Je, mwataka kusema hakuna wavivu? Wapo, tena wengi. Wapo wanaume ambao Ijumaa saa kumi na moja jioni wamekaa kilabuni hatua mia kutoka mlango wa kanisa, husikia wimbo wa kituo cha kwanza, nao huagiza chupa nyingine. Hao hatuwatetei. Njia ya Msalaba siku hizi imekuwa kana kwamba ni kazi ya akina mama, na mwanamume akionekana huko watu hudhani ana msiba. Ni aibu, hasa kwetu sisi waume. Lakini kabla ya kuwahesabu wavivu, yafaa tuwahesabu kwanza wale ambao sisi wenyewe tumewafungia mlango bila kujua.

Mlango wa kwanza ni saa. Parokia nyingi hushika saa tisa alasiri kwa kuwa ndiyo saa aliyokufa Bwana wetu. Ni maana nzuri. Lakini katika sehemu nyingi za nchi yetu Kwaresima huangukia majira ya mvua, wakati wa kupanda na kupalilia. Saa tisa mkulima yuko shambani, mwenye kibanda yuko sokoni, mwalimu yuko darasani. Anayeweza kufika saa tisa ni padre, na yule anayekaa karibu na padre. Twafahamu parokia moja iliyohamisha ibada hadi saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya watu kushika jembe, na sasa wanaume huja na majembe yao, huyaegemeza ukutani nje. Parokia nyingine huifanya saa kumi na mbili jioni. Maparoko wenzetu watusamehe tukisema wazi: saa ya ibada ipangwe kwa kuwauliza watu.

Mlango wa pili ni urefu. Tumewahi kuhudhuria Njia ya Msalaba ya saa mbili na nusu, ambapo kila kituo kilikuwa na hotuba yake, na kwenye kituo cha kumi na mbili kiongozi alitangaza pia michango ya ujenzi. Kituo chahitaji tafakari fupi, sala, wimbo, na kimya kidogo. Kimya hicho ndicho tunachokisahau.

Tena tuwafundishe watu ya kwamba padre si lazima. Mlei aweza kuiongoza, na jumuiya yaweza kuifanya nyumbani kwa mgonjwa. Hata rehema kamili, ambayo Kanisa huwapa wanaofuata Njia ya Msalaba kwa masharti ya kawaida, hawanyimwi wale waliozuiliwa kwa sababu ya haki. Wao huipata, kwa masharti hayo hayo, wakisoma na kutafakari Mateso ya Bwana kwa muda wa robo saa. Mlinzi wa usiku aweza kufanya hivyo langoni pake, na mama anayemwuguza mtoto wodini vilevile.

Twapenda kumwuliza katekista wetu swali moja juu ya kituo cha tano. Simoni wa Kirene, mtu wa pwani ile ya Afrika ambayo leo ni nchi ya Libya, alikuwa akitoka wapi alipokutana na Msalaba? Wainjili Marko na Luka wasema alikuwa akitoka shamba. Hakuja kusali. Alikuwa akipita tu, labda akifikiria chakula cha jioni, na askari wakamkamata kwa nguvu. Wale waliokuwa wameahidi kufuata hata kifoni hawakuonekana. Marko asema tena ya kwamba huyo alikuwa baba yao Aleksanda na Rufo, kana kwamba wasomaji wake waliwajua vijana hao. Wengi katika Kanisa wamefikiri kwamba nyumba ile ilipata imani kwa sababu ya safari fupi ya mtu aliyepita njia. Laiti daftari lingeshikwa siku ile, jina la Simoni lingekuwa na alama ya mkosaji mpaka kituo cha nne.

Basi, katekista mpendwa, daftari lako usilichome moto. Umeliandika kwa taabu, nalo lina faida usiyoiona bado. Dominika usilisome. Lichukue Jumatatu jioni, chagua majina matatu yasiyo na alama, uende ukapige hodi. Usiulize kwa nini hawakuja. Uliza habari za watoto, za shamba, za mgonjwa kama yupo. Ukikuta mtu ambaye ndoa yake ina shida, mwambie paroko wako faraghani, kwa idhini ya mwenyewe, maana pengine njia ipo na hakuna aliyewahi kumwonyesha. Ukimkuta mlevi, mwambie ukweli, peke yenu wawili. Na Ijumaa ijayo liache benchi lile la mwisho, karibu na mlango, lisikaliwe na viongozi.