Je, Ni Haki Kumpunguzia Askari Uchungu wa Kumbukumbu?

Liko swali lisilojibiwa kwa neno moja: askari aliyerudi vitani, naye angali akitishwa na aliyoyaona au kuyatenda, je, ni haki kumwondolea uchungu huo?

Zamani wengi walidhani ni woga tu. Katika Vita Kuu ya 1914–1918 jeshi la Uingereza liliwaua kwa risasi askari wake wenyewe kwa makosa kama kutoroka na woga. Mwaka 2006 nchi hiyo iliwasamehe 306 kati yao, ikikiri kwamba hawakustahili kifo kile.

Huko Marekani, mwaka 1987, mama mmoja mtaalamu wa mambo ya nafsi, Francine Shapiro, aliona ya kuwa fikira zake za kusumbua zilipungua nguvu macho yake yalipokwenda huku na huku. Akatengeneza njia ya matibabu, akaitangaza mwaka 1989. Na miongoni mwa waliotibiwa kwanza walikuwamo askari wa vita vya Vietnam. Mgonjwa hulikumbuka jambo lile baya, huku macho yakifuata kidole cha tabibu kushoto na kulia. Wataalamu wangali wakibishana kama ni mwendo wa macho uponyao. Lakini mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliikubali njia hii.

Wengine husema: “Aliyeua akitulizwa, dhamiri yake italala. Na waliokufa, nani atawakumbuka?” Neno hili si la kudharauliwa. Lakini tuangalie vema. Matibabu haya hayafuti kumbukumbu. Mtu hulijua lililotokea. Ila halimburuti tena usiku kana kwamba latokea sasa. Apigaye mayowe usingizini hatubu, ateswa tu. Hawezi kuwasimulia watoto wake, wala kumwomba radhi aliyemkosea. Kidonda kibichi hakimfundishi mtu neno, maana maumivu humziba masikio; kovu ndilo limkumbushalo.

Basi, ni haki kumtibu. Walakini kutulizwa si kufutiwa kosa. Kama alimdhulumu mtu, deni lake halilipwi kwa kufuata kidole. Sharti alikiri kwa kinywa chake. Matibabu humpa nguvu ya kulikiri. Nasi tuliobaki nyumbani, tuliokula kwa amani alipokuwa vitani, tusidhani ya kuwa akipona yeye, vita imekuwa jambo jepesi.