Dhahabu ya Tiira na vigango vya Pwani

Dhahabu inayochimbwa Tiira, wilayani Busia upande wa Uganda, ni dhahabu popote iendapo. Iwe ndani ya karai la mchimbaji, mkononi mwa dalali au kwenye duka la sonara Dubai, bei hupanda na kushuka lakini yenyewe haigeuki. Wakusanyaji wa sanaa za jadi huamini kwamba kinyago nacho kiko hivyo: uzuri wake umo ndani yake, basi mwenye fedha anaweza kuuhamishia sebuleni kwake. Kwa kikapu au kigoda hoja hiyo haina ubaya. Inakwama pale kitu kilichonunuliwa kinapokuwa makazi ya marehemu.

Kigango cha Wamijikenda wa pwani ya Kenya ni kitu cha namna hiyo. Mzee wa chama cha Gohu akishafariki, huwatokea watu wake ndotoni na kudai asimamishiwe nguzo. Fundi huchonga gogo la mti mgumu, mara nyingi mhuhu: kichwa cha duara, shingo nyembamba, na kiwiliwili bapa kilichojaa pembetatu ndogondogo zilizochongwa kwa kisu. Mguu wake hufukiwa ardhini, shingoni hufungwa vitambaa, na mbele yake humwagwa tembo la mnazi. Ukoo ukihama, kigango hubaki palepale. Hakuna ruhusa ya kukiondoa.

Lakini viling'olewa kwa mamia. Tangu miaka ya 1970 vigango viliuzwa Marekani kama kazi za sanaa. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa eneo la Kaloleni akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Mwaka 1999 kimoja kilitambuliwa katika makumbusho huko Illinois, Marekani, na cha pili kikaonekana kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Vyote viwili vilirudi Kenya, na mwaka 2007 wanakijiji wakavipokea kwa sherehe. Mzee mwenyewe alikuwa amekwisha fariki.

Mnunuzi anayo hoja yake, tena si ya kupuuzwa. Mchwa wangekula mti ule, yeye ameuokoa. Wazuni wa New Mexico wamelijibu hili vizuri kuliko mtu yeyote. Miungu yao pacha wa vita huchongwa kwa mti na kuachwa juani na mvuani, kwa makusudi, kwa sababu kuoza kwake ni sehemu ya kazi yake. Walipoanza kuidai kutoka kwenye makumbusho ya Marekani mwaka 1978, walikuwa wanadai haki ya kuiacha iishe. Kwa imani kama hiyo, kukihifadhi kitu ni kukikatizia safari. Makumbusho ya Sayansi na Mambo ya Asili ya Denver nayo yaliamua kuachilia vigango 30 yaliyokuwa yamepewa mwaka 1990 na watu wawili wa Hollywood. Mwaka 2014 yalitangaza kwamba vitarudishwa.

Si kila dini ya jadi iliyo rahisi kupakiwa sandukuni. Jirani na Tiira, upande wa Tororo, Wapadhola walimwita Mungu kwa jina la Were, wakamjua kwa sura mbili: Were Madiodipo wa uani na Were Othim wa porini. Utakatifu ulikaa mahali, uani pa mtu na kwenye pori. Mkusanyaji angebeba nini? Ukiutazama ulimwengu huo, unaona kwamba hata kigango hakikuwahi kuwa mti peke yake: kilikuwa mti pamoja na ardhi, jina la marehemu na mkono unaomwaga tembo. Aliyekinunua aliondoka na sehemu moja tu.

Kwa hiyo hata kurudisha hakumalizi jambo. Masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda, yalichukuliwa na mmisionari John Roscoe hadi Cambridge, yakarejeshwa mwaka 1962 Uganda ilipopata uhuru. Yalipelekwa kwenye Makumbusho ya Uganda jijini Kampala, si hekaluni pake Mbaale, Mawokota. Juni 2024 Cambridge ilileta vitu vingine 39, safari hii kwa mkopo wa miaka mitatu. Ni hatua njema, lakini kumkopesha mtu kitu cha babu yake bado ni kudai kwamba wewe ndiye mwenyewe. Na pale ambapo kitu ni cha ibada, dola nayo haiwi mwenyewe kwa kukipokea tu uwanja wa ndege. Wapo watu ambao kazi yao ni kukihudumia, na wengi wao bado wako hai: Kaya za Mijikenda, misitu yao mitakatifu, zina wazee wake, Mbaale kuna watunzaji wake. Hao ndio wa kuulizwa kwanza, na wakisema kitu kirudi ardhini kikaliwe na mchwa, kirudi.