Nani Anaitwa Mfadhili?

Eduard von der Heydt alikuwa mwenye benki na mkusanyaji wa sanaa. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1882, akahudumia fedha za Kaiser Wilhelm II aliyekuwa uhamishoni, akajiunga na chama cha Hitler mwaka 1933, kisha akawa raia wa Uswisi mwaka 1937. Baada ya vita Waswisi walimshitaki katika mahakama ya kijeshi kwa kupitisha fedha za majasusi wa Ujerumani. Akaachiwa huru. Sanamu na vinyago vyake vya Asia, Afrika na Oseania aliupa mji wa Zürich, na mwaka 1952 makumbusho ya Rietberg yakafunguliwa.

Darasani kwetu, tunaposoma maadili, watu wa aina yake huzua swali lilelile: je, zawadi husafisha mkono ulioitoa? Kwa mtu wa Ifakara swali hilo halitoshi. Mji wetu umepokea mengi kutoka Uswisi, ikiwemo maabara aliyoianzisha Rudolf Geigy mwaka 1957, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Geigy alitoka katika ukoo wa Basel ulioipa jina kampuni ya J.R. Geigy, ambako mwaka 1939 Paul Müller aligundua kwamba DDT inaua wadudu. Mpime naye ukipenda.

Mimi linanisumbua neno lenyewe, mfadhili. Mwaka 1993, hapa hapa Kilombero, watoto wadogo wa Idete waliingizwa katika majaribio ya chanjo ya malaria iitwayo SPf66. Wengine walidungwa chanjo, wengine sindano isiyo na dawa. Mama zao walikubali, damu ikachukuliwa. Matokeo yalionyesha kinga ya asilimia 31. Majaribio ya Gambia na Thailand hayakuiona, chanjo ikaachwa. Hata hivyo dunia ilijifunza kitu, na ilijifunza kupitia miili ile.

Hao tunawaita washiriki. Ni neno la adabu, ila mshiriki hushiriki shughuli ya mwingine. Majina yao yamefichwa kwa sababu nzuri, najua. Wachongaji wengi wa vinyago vya makumbusho ya Ulaya nao hawana majina, na hakuna aliyeyaficha ili kuwalinda, hayakuulizwa tu.

Ningepewa ubao wa shukrani niuandike, ningeanza na Idete, halafu Basel.