Je, Mwenzi Wako Yumo Katika Orodha Yako?



Mama mmoja wa upande wa Embu alinijia baada ya Misa ya pili, mkononi ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliikuta mfukoni mwa suruali ya mumewe alipokuwa akifua. Haikuwa barua ya mwanamke mwingine. Hiyo, aliniambia, angalijua la kuifanyia. Ilikuwa orodha. Juu yake mumewe alikuwa ameandika kwa herufi kubwa kwamba hayo ndiyo mambo atakayoyafanya kabla hajatimiza miaka hamsini, na chini yake yakafuata mambo kumi na moja. Kupanda Mlima Kenya. Kujifunza kuogelea. Kununua pikipiki. Kulala Lamu siku tatu. Kuuza ploti ya mjini na kuanza kufuga nyuki. Kusema na ndugu yangu. Na mengine ya namna hiyo.

"Nimeisoma mara tano, Mama," akasema. "Tumeoana miaka ishirini na mitatu. Jina langu halimo."

Huenda wewe msomaji umecheka kidogo. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, anataka kuogelea! Lakini mama yule hakuwa akicheka, wala mimi sikucheka. Alikuwa akiuliza swali ambalo wengi wetu hatuna jibu lake tayari: aliyefunga ndoa ana haki ya kuwa na mambo yake mwenyewe, ambayo mwenzi wake hayajui wala hana sehemu ndani yake? Na akiwa nayo, je, amemwibia mwenzake kitu?

Desturi hii ya kuogopa tarehe ya kuzaliwa ni ngeni kwetu. Babu zetu wengi hawakuijua tarehe yao. Walisema walizaliwa mwaka wa njaa fulani au mwaka wa nzige, na ndiyo maana vitambulisho vingi vya wazee viliandikwa tarehe mosi Januari. Umri wao ulihesabiwa kwa rika, na rika ni watu wengi. Miongoni mwa Wakikuyu wa zamani, mzee alipanda daraja katika baraza pale mtoto wake alipofikia wakati wa kutahiriwa. Yaani ukubwa wa baba uliletwa na mtoto wake, na nyuma ya mtoto huyo kulikuwa na mama yake. Hakuna aliyekaa peke yake usiku na kalamu akijiuliza, "Mimi nimefanya nini?" Sisemi turudi huko. Nasema tu kwamba mtu akijihesabia miaka yake peke yake, si ajabu hata orodha yake ikawa ya mtu mmoja.

Hata hivyo, sikumwambia yule mama kwamba mumewe amekosa. Mbele ya altare hatukuapa kwamba hatutatamani tena. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1055, huiita ndoa ushirika wa maisha yote; lakini ushirika huhitaji watu wawili, na mmoja akimezwa na mwenzake hakuna tena wa kushirikiana naye. Papa Fransisko, katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aya ya 320, anafundisha kwamba upendo wa wanandoa hukomaa pale kila mmoja anapotambua kuwa mwenzake si mali yake, bali ana Bwana mkubwa zaidi. Basi mume huyu ameuona ule mlima kila asubuhi yenye anga safi tangu alipokuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Kutaka kuufikia kabla magoti hayajachoka si dhambi. (Mimi mwenyewe niliishia kituo cha Met, mita 3,050, na goti langu likakataa kuendelea. Ningali naufikiria.)

Jambo linalonisumbua ni lingine. Kila jambo la orodha lina mlipaji, na mara nyingi mlipaji si yule aliyeandika.

Uchukue huo mlima. Mtu wa kawaida huenda Lenana, kilele cha mita 4,985, kwa maana kule hufikiwa kwa miguu. Batian na Nelion ni vya wenye kamba na ujuzi. Safari yenye busara ni siku nne au tano, kwa sababu mwili unahitaji muda wa kuzoea hewa nyepesi, na anayekimbia kupanda aweza kupatwa na ugonjwa wa mwinuko ambao huua. Siku hizo tano nani atakama ng'ombe? Fedha za waongozaji na wapagazi zitatoka wapi, ikiwa Januari ni mwezi wa karo? Na ile hofu ya usiku, simu isiposhika, itabebwa na nani? Mume ameandika neno moja, "kupanda", na mke amekwisha kulipa nusu ya gharama kabla ya kuambiwa.

Ile ploti ndiyo nzito zaidi. Ilinunuliwa kwa mkopo wa ushirika wa mume na kwa fedha za chama cha mke, nao wameiandikisha kwa majina yao wawili. Nilimweleza baba huyo, alipokuja wiki iliyofuata, kwamba kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 mali ya namna hiyo haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani ila wote wawili wakubali. Akasema alijua. "Nilikuwa nimwambie mwishoni," akasema, "mambo yakishapangika." Wanaume wenzake, mwasikia? Na akina mama pia, maana wapo wanaokopa kwa chama na kumwambia mume siku ya kudaiwa. Kumwomba mtu ruhusa wakati jambo limekwisha kupangwa ni kumwomba awe shahidi tu.

Kuhusu Lamu nilimuuliza kwa nini aende peke yake. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema hakuwahi kufikiri kwamba mama watoto angependa kwenda. Hapo nilimwamini. Tazama jinsi sisi wanandoa tunavyosafiri: twaenda pamoja mazishini, twaenda harusini, twaenda siku ya wazazi shuleni. Kukaa pamoja kando ya bahari bila mtoto, bila maiti, bila mchango wa kutoa, hilo wengi wetu hatujapata kuliona hata kwa wazazi wetu. Mtu hawezi kumwalika mwenzake mahali ambapo hajawahi kumwona katika mawazo yake. Mke hakufutwa katika orodha ile, hakuonekana tu. Mwenyewe aliposikia hivyo alisema afadhali angefutwa.

Nikamgeukia mama nikamuuliza, "Na yako ina nini?" Akanitazama kama niliyemuuliza anunue ndege. Ilimchukua wiki nzima kupata mambo matatu. La kwanza, alitoka shule akiwa kidato cha pili kwa kukosa karo, na angependa kurudi darasani. La pili, angependa siku moja alale hadi aamke mwenyewe. La tatu, angependa kwenda hija Subukia, kwenye kituo cha kitaifa cha Mama Maria, bila kubeba sufuria. Kwa maana amekwenda mara nne, na mara zote nne alikuwa jikoni akiwapikia wanaosali. Mumewe alikuwa ameketi hapo. Jambo la shule hakulijua. Miaka ishirini na mitatu, watoto wanne amewalipia karo, na hakujua.

Ndipo nikafahamu kwamba tulikuwa na makosa ya aina mbili chumbani mle. Mmoja aliandika bila kusema, na mwingine hakusema wala hakuandika. Twapenda kuusifu ukimya huo wa pili. Twauita uvumilivu, na siku ya mazishi tunausomea katika historia ya marehemu. Lakini tamaa njema inayofichwa miaka mingi hugeuka deni, na anayedaiwa hata hajui kama alikopa. Siku moja mama huyo angemwambia mumewe, "Nilikupa maisha yangu yote," naye angeshangaa kikweli.

Sasa nirudi kwenye jambo la tisa, lile la kusema na ndugu yangu. Ndilo lililoandikwa bila maelezo, na ndilo pekee lisilogharimu hata shilingi. Mume na mdogo wake walikosana miaka saba iliyopita juu ya mpaka wa shamba la baba yao, hatua tatu za ardhi, wakawa hawasalimiani hata katika jumuiya ndogo ndogo. Alipolisoma kwa sauti mbele yangu, mkewe aliinamisha kichwa. Kisha akasema polepole kwamba kwa miaka hiyo yote saba amekuwa akimpelekea mke mwenza wa nyumba ile sukari na majani ya chai, na kwamba yule shemeji alipolazwa yeye ndiye aliyewaogesha watoto wake.

"Wewe?" mume akauliza. "Mbona hukuniambia?"

"Ungenikataza, Baba watoto."

Hakujibu. Fikiria, msomaji. Jambo alilolitaka kuliko mengine kumi, nusu ya njia yake ilikuwa imekwisha kufyekwa na mtu ambaye hakumwandika.

Kitabu cha Walawi, sura ya 25, kinazungumza juu ya mwaka wa hamsini. Baragumu lilipigwa Siku ya Upatanisho, watumwa wakaachwa huru, ardhi ikarudi kwa wenyewe, na kila mtu akarudi kwa jamaa yake. Ulikuwa mwaka wa taifa zima, si wa umri wa mtu mmoja, nami sitaki kuulazimisha useme usichosema. Ila nikitazama orodha nyingi za hamsini nilizoonyeshwa, naona zimejaa kwenda na kupata. Kurudi na kuachilia huwa mstari mmoja, tena wa chini.

Kwa hiyo, ukiwa na orodha yako, iwe ya karatasi au ya moyoni, msomee mwenzi wako kabla hujaanza jambo la kwanza. Chagua saa ambayo watoto wamelala na hakuna anayedai chakula. Isome yote, pamoja na yale ya kuaibisha. Anayesikiliza asicheke, wala asianze kuhesabu fedha usiku huo. Fedha zitahesabiwa kesho. Kisha ulizaneni juu ya kila jambo: hili litalipwa na nani? Yako mambo ambayo mwenzako atakuambia nenda, nami nitabaki na ng'ombe. Yako atakayosema twende wote. Na yapo ambayo mtayaona wenyewe kuwa hayafai, bila padre wala mshauri.

Najua baadhi yenu mtaniandikia kwamba nyumbani kwenu hakusomeki kitu. Ukisema unataka kujifunza kuendesha gari, unajibiwa, "Acha upuuzi, umri umekwenda." Kwako sina jibu jepesi. Neno "ndoa" limetumika na wengi kumfukia mwenzi akiwa hai, na hilo Kanisa halikulifundisha. Yule anayekataa kila kitu hajafikiriana nawe, amekutawala. Anza na jambo dogo ambalo mlipaji wake ni wewe mwenyewe, kwa saa zako na jasho lako, ulifanye waziwazi bila kujificha na bila matusi. Ukikatazwa hata hilo, mtafute paroko au wazee wa jumuiya wawaketishe wote wawili. Lakini usigeuze ukaidi wa mwenzako kuwa ruhusa ya kuuza ng'ombe kwa siri. Huo ni utawala uleule, umebadilisha mikono tu.

Wajane na walio peke yao, orodha zenu zisomeeni watoto au rafiki wa kweli. Siku mkiugua watafurahi kuwa walijua.

Na hiyo tarehe isiwatishe kupita kiasi. Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza karibu na Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, kwa kuwa elimu ya msingi ilikuwa imefanywa bure mwaka uliotangulia. Kama angalijiwekea mwisho wa hamsini, angalikata tamaa miaka thelathini na minne kabla ya kengele ya shule kulia.

Mtauliza wale wa Embu wamefikia wapi. Baba ametimiza hamsini yake mwezi wa nane, na mambo aliyoyakamilisha ni manne katika kumi na moja. Alikwenda kwa ndugu yake jioni moja na mkewe, na mkewe ndiye aliyebisha hodi. Ploti haijauzwa, mizinga mitatu ya nyuki imewekwa kule chini kwenye migomba, majaribio kwanza. Mlima umewekwa Januari ya mwaka ujao, kwa njia ya Chogoria, karo ikishalipwa na daktari akishampima presha. Mama anahudhuria ngumbaru Jumanne na Alhamisi saa kumi, na siku hizo mumewe ndiye anayekama. Ng'ombe, nasikia, bado hajamzoea. Kuhusu pikipiki hawajaelewana hata kidogo, na nilipowaacha Jumapili iliyopita walikuwa wakibishana juu yake chini ya mti ulio karibu na lango la parokia.