Picha ni ya Nani?

Fundi mmoja wa Ruashi, hapa Lubumbashi, alikuwa anamalizia ukuta wa saluni: kichwa cha mwanamke, misuko, mkasi, jina la duka kwa herufi nyekundu. Kisha, chini pembeni, kwa brashi nyembamba, akaandika jina lake na namba ya simu. Mwenye saluni akatoka. "Nilisha kukulipa. Toa ile numero." Fundi hakuinua hata macho: "Na mwenye kutaka kama hii, papa, ataniona wapi?"

Ugomvi wao ulikuwa juu ya kineno kimoja, "ya". Picha ya Lumumba ni ile inayomwonyesha. Picha ya mchoraji Tshibumba ni ile aliyoichora. Picha ya baba ni ile aliyoinunua, ipo sebuleni. Mteja akishalipa hudhani amebeba zote tatu. Amebeba moja tu. Ile ya kuchora haihami hata fundi mwenyewe akitaka, maana ni tendo lililokwisha kutendeka. Utalipaka rangi juu, basi. Halitakuwa limetendwa na mwingine.

Kuna na "ya" ya nne, ndiyo yenye hasara: haki ya kunakili. Saluni ikifungua tawi na mchoraji wa bei nafuu akairudia picha ileile, nani alimwuzia haki hiyo? Sheria yetu ya Kongo ya haki za watunzi, ya tarehe 5 Aprili 1986, imetenga faida ya kazi, ambayo huuzwa, na heshima ya mtunzi, ambayo haiuzwi. Lakini ukutani makubaliano ni ya mdomo, na mdomo husema "picha" tu.

Tshibumba Kanda Matulu naye alichora kwa kuuza. Mwaka 1973 na 1974, hapahapa Lubumbashi, alimchorea mteja wake, mwanaanthropolojia Johannes Fabian, historia nzima ya Zaire (Kongo ya leo), picha 101, akimsimulia kwa Kiswahili mbele ya kinasa sauti. Picha hizo zimeishia Tropenmuseum, Amsterdam. Tshibumba mwenyewe hajulikani alikoishia tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Ila kitabu cha Fabian cha 1996 kinamtaja wazi kuwa mwenye picha na mwenye masimulizi. Mnunuzi alijua alichonunua na ambacho hakukinunua. Wateja wa namna hiyo ni wachache.

Kwa hiyo, fundi, kabla hujapokea avansi, andika kwenye risiti ni "ya" ipi unayouza.