Mama Uliyefika, Mpokee Anayekuja

Mama zangu na dada zangu mlio katika balozi zetu, katika Umoja wa Mataifa, katika Umoja wa Afrika na pale Arusha kwenye Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, leo sina maneno laini. Kila Siku ya Wanawake, tarehe nane Machi, ikifika tunashona sare za kitenge, tunapanda jukwaani, tunasema tutawainua mabinti zetu, tunapigiwa makofi, tunapiga picha. Tarehe tisa tunarudi ofisini na mlango unafungwa. Binti aliyekuja na daftari lake kutusikiliza anabaki getini na kadi yetu mkononi, na namba iliyoandikwa kwenye kadi ile haipokelewi.

Fungueni Injili ya Luka, sura ya kwanza. Msichana Mariamu amepata habari nzito kuliko umri wake. Anaondoka kwa haraka, anashika njia ya milimani mpaka kwa jamaa yake Elisabeti, mama mtu mzima ambaye naye ana mimba ya miezi sita. Elisabeti alikuwa na kila sababu ya kusema amechoka, aje siku nyingine. Akampokea kwa shangwe, na Mariamu akakaa kwake kama miezi mitatu. Miezi mitatu, dada zangu! Sisi tunatoa dakika ishirini katikati ya mikutano miwili, tena huku tunaangalia saa.

Mtasema hayo ni ya kanisani, na kazi yetu ni mambo ya dunia. Haya, twende duniani.

Mwaka 1995 mama kutoka kisiwa cha Ukerewe, Gertrude Mongella, alikuwa Katibu Mkuu wa Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake uliofanyika Beijing, nchi 189 zikapitisha Azimio lake, na mpaka leo tunamwita Mama Beijing. Mwaka 2000 Anna Tibaijuka wa Kagera akashika uongozi wa shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, makao yake yakiwa Gigiri, Nairobi. Mwaka 2005 Amina Mohamed wa Kenya akakalia kiti cha uenyekiti wa Baraza Kuu la Shirika la Biashara Duniani, mwanamke wa kwanza kukikalia. Asha-Rose Migiro akawa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa mwaka 2007. Stergomena Tax akawa Katibu Mtendaji wa Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, SADC, mwaka 2013, naye mwanamke wa kwanza. Wengine kati yenu mmebeba mafaili ya mama hawa. Mmewaona wakila, wakichoka, wakikasirika.

Na bado hesabu inatusuta. Mkataba wa Umoja wa Mataifa ulipotiwa saini San Francisco mwaka 1945, wanawake waliotia saini walikuwa wanne. Kuanzia hapo hadi kwa António Guterres wamepita Makatibu Wakuu tisa, na wote tisa ni wanaume. Mama mmoja mmoja amepenya, tukashangilia, tukageuka nyuma na kukuta hakuna foleni.

Kuna anayenijibu moyoni: mimi hakuna aliyenishika mkono, nilipambana mwenyewe, nao wapambane. Dada, jeraha lako silidharau. Uliagizwa chai kwenye kikao ambacho rasimu yake uliiandika wewe. Lakini Naomi wa kitabu cha Ruthu alikuwa na uchungu kukuzidi. Alizika mume, akazika wana wawili ugenini Moabu, akarudi Bethlehemu mikono mitupu na kuwaambia wanawake wa mji wasimwite tena kwa jina lake zuri. Katika uchungu ule ule alimfundisha mkwewe Ruthu, mgeni asiyejua desturi za pale. Akamwambia aoge, ajipake mafuta, avae vizuri, aende uwanja wa kupuria usiku, asijionyeshe mpaka mwenye shamba amalize kula na kunywa. (Ushauri wenyewe usiufuate leo, utaitwa kwenye kamati ya nidhamu.) Ninachotaka mkione ni namna alivyofundisha: wakati gani, mahali gani, mavazi gani. Hakumwambia "jiamini". "Jiamini" ni neno tunalowagawia mabinti kwa sababu halitugharimu kitu.

Basi mfundishe yale madogo, maana ndiyo yanayomwangusha. Chukua usaili. Mashirika ya kimataifa hupenda kuuliza: tueleze siku uliyokutana na mgogoro kazini, ulifanya nini? Binti wa kwetu, aliyelelewa asijisifu, anajibu: "Tulikaa pamoja, tukashauriana, tukafanikiwa." Nyumbani jibu hilo ni adabu tupu. Kwenye jopo, wasaili wana karatasi ya kujaza alama na wanatafuta alichokifanya yeye mwenyewe. Cha kikundi kizima hawana pa kukiandika. Anatoka amefurahi, wiki zinapita, anapata barua ya masikitiko na hajui kosa lake ni lipi. Wewe unalijua. Mketishe sebuleni kwako, muulize swali lile lile mara tatu, mpaka aseme: "Niliwaita wote wawili, nikaandika muhtasari, nikampelekea mkuu wangu siku hiyo hiyo." Mara ya kwanza ataona aibu. Mwache aione aibu kwako, penye chai na maandazi, asiende kuionea kwenye jopo.

Au chukua ukimya. Sisi tulifundishwa kwamba msichana akinyamaza amelelewa vizuri. Kule kwenye mazungumzo ya mataifa kuna utaratibu wa kusambaza rasimu na kuweka saa, tuseme saa kumi jioni ya Alhamisi. Nchi ambayo itakuwa haijaandika kupinga ikifika saa hiyo, imekubali. Afisa mpya anaiona barua pepe. Anasubiri mkubwa wake atue kutoka safarini, anaogopa kumsumbua mtu mzima kwa simu, na saa kumi inapita. Nchi yake imekubali aya ambayo wizara nyumbani iliikataa. Mama, msichana yule hakuwa mzembe, alikuwa na heshima zake zote. Hakuna aliyemwambia kwamba mahali pale kunyamaza ni kutia saini.

Yako na mengine. Maneno yaliyo ndani ya mabano ya mraba bado yanagombaniwa, asiyanukuu nyumbani kama yaliyokubaliwa. Kibao chenye jina la nchi husimamishwa wima ukitaka kusema. Na kazi kubwa hufanyika nje ya ukumbi, kwenye foleni ya kahawa, kabla mwenyekiti hajagonga meza. Unayajua haya kama unavyojua sala zako. Je, siku yako ya kwanza uliyajua?

Pwani yetu haikumtoa mwari nje bila somo. Mama mtu mzima aliyeaminika alikaa naye ndani, akamwambia ya wazi na ya sitara, na ngoma ikiisha hakumwacha. Nyumba ikitikisika, somo ndiye aliyeitwa kwanza. Leo tunamtoa binti kwenda Addis Ababa, Geneva, New York, kwenye utumishi utakaomchukua miaka thelathini, na somo hana. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na huo wa diplomasia ni mwalimu asiyerudia somo.

Sasa naingia mifukoni mwenu, mnivumilie. Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa haiwalipi mshahara vijana wanaokwenda kwake kwa mafunzo ya vitendo. Mwaka 2015 kijana mmoja kutoka New Zealand, aliyekuwa mafunzoni Umoja wa Mataifa pale Geneva, alilala kwenye hema, na habari zake zikazunguka dunia nzima. Baadaye alisema mwenyewe kwamba alikusudia watu waone. Alikusudia, asikusudie, kodi ya chumba Geneva ilikuwa ile ile. Mashirika mengine yameona haya: Shirika la Afya Duniani lilianza kuwapa vijana wake posho mwaka 2020. Lakini binti wa Tandahimba au wa Turkana hataokolewa na posho hiyo peke yake. Nauli hana, viza hana, na hamjui mtu hata mmoja katika mji ule.

Wewe unaishi katika mji ule. Una chumba cha wageni, na ndani yake kuna masanduku ya vyombo ambavyo hujavifungua tangu uhamisho wako wa mwisho. Toa masanduku, tandika kitanda. Elisabeti hakusubiri mfadhili.

Mwambie pia yanayosemwa kwa kunong'ona. Mwambie asibaki ofisini na mkubwa yupi baada ya saa za kazi, na lalamiko lipelekwe wapi. Mwambie kwamba tangu 2018 Umoja wa Mataifa una kanzidata ya pamoja ya kumzuia aliyefukuzwa kwa unyanyasaji wa kingono asihamie shirika jingine la mfumo huo; binti akijua chombo hicho kipo, hatakubali kuambiwa hakuna la kufanya. Mwambie na habari za ndoa: kwamba kila baada ya miaka michache utahamishwa, kwamba mume naye ana kazi yake, kwamba mashangazi watauliza na hawatachoka kuuliza. Usimfiche ulichokipoteza. Tukiwaonyesha bendera na magari peke yake, tunawadanganya.

Mwaka 1993 Madeleine Albright alifika New York kuwa Mwakilishi wa Kudumu wa Marekani katika Umoja wa Mataifa, akawaalika chakula cha mchana wanawake wenzake wenye cheo kama chake. Kati ya nchi zaidi ya 180, meza moja iliwatosha: walikuwa saba pamoja naye, kutoka Kanada, Jamaika, Trinidad na Tobago, Ufilipino, Kazakhstan na Liechtenstein. Wakapatana jambo jepesi kabisa, kwamba kila mmoja atapokea simu ya mwenzake. Walioshangaa kwamba balozi wa Liechtenstein, nchi ndogo vile, anampata balozi wa Marekani mara moja, wakabaki na mshangao wao. Kundi lile likadai wanawake wawemo katika mahakama ya uhalifu wa kivita ya Yugoslavia ya zamani, na kati ya majaji 11 wa kwanza waliochaguliwa mwaka ule, wawili walikuwa wanawake. Wawili ni wachache, ndiyo. Lakini hao wawili walikaa kwenye mahakama iliyosikiliza kesi za ubakaji wa vitani, na yote yalianza na ahadi ya kupokea simu.

Nawe kwenye simu yako una ujumbe unaoanza: "Shikamoo mama, samahani kwa usumbufu." Una tiki mbili za bluu, kwa hiyo binti anajua umeusoma. Nyumba gani ya Waswahili mtoto hutoa shikamoo, mkubwa akamtazama usoni, kisha akapita? Hata mama mkali kuliko wote mtaani huitikia marahaba kwanza, ndipo agombe. Sisi wenye shahada na pasipoti za kidiplomasia tumekuwa watu wa kuziacha shikamoo zikae bila jibu.

Msinielewe vibaya, siombi upendeleo. Kumwekea neno mtoto wa ndugu yako ili aruke usaili ni dhambi nyingine, nayo nitaihubiri siku yake. Watoto wa mabalozi wanajifunza siri za kazi hii mezani, wakila chakula cha jioni na baba zao, wao hawanihangaishi. Ninamsemea yule aliyetoka sekondari ya kata, akapanda mpaka chuo kikuu kwa mkopo, anasoma mikataba kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na wizarani hana mjomba. Mpe yeye yale ambayo mwenzake ameyala mezani, kisha wote wawili wakafanye mtihani mmoja.

Nanyi mabinti, msije mikono mitupu. Usimwandikie mama wa watu "naomba unisaidie kazi". Andika swali moja lililo wazi, ambatisha wasifu uliousoma mwenyewe mara mbili, na ukiambiwa saa nne uwepo kabla ya saa nne. Akikukosoa, usinune. Ruthu alipopata shayiri shambani aliibeba hadi nyumbani kwa Naomi, hakula peke yake. Nawe ulichofundishwa wiki hii mfundishe aliye mwaka mmoja nyuma yako.

Namalizia kwenu mama zangu. Umoja wa Mataifa una Mpango wa Wataalamu Vijana, unaowaingiza watu kazini kwa mtihani. Unawapokea raia wa nchi zenye uwakilishi mdogo, na umri wao usizidi miaka 32. Orodha ya nchi hubadilika, leo nchi ipo, kesho haipo, na ni lazima mtu amwambie binti aifuatilie. Umri haumsubiri. Aliyekutafuta akiwa na miaka 29, ukamwambia mtazungumza ukirudi likizo, sasa ana 31. Mpigie leo, kabla hujalala.